Makarai Yaliyotazamana

"Bila macho yangu, makarai yako yangekuwa ya kukaangia mihogo mpaka leo!"

"Na bila makarai yangu, macho yako yangekuwa ya kuhesabia nyuki!"

"Afadhali nyuki, shemeji. Nyuki wanatoa asali. Nyundo yako inatoa kelele tu."

"Shemeji nani? Nani amekupa dada yangu? Mama Mwenyekiti, unamsikia huyu?"

Mama Nanzia, mwenyekiti wa kijiji cha Ighare, aliwasikia wote wawili. Watu waliosimama uani nje ya ofisi waliwasikia pia, na wengine walikuwa wakicheka wazi. Aligonga meza kwa kiganja. "Kiangi, kaa chini. Mrindoko, weka hiyo nyundo. Ofisi hii si gulio."

Tuwaache hapo kidogo wapoze koo, wasikilizaji wangu. Nanyi msishike upande mapema, maana chungu hiki kina mafiga matatu na mmesikia mawili tu.

Yule wa macho ni Kiangi, mrina asali. Yeye husimama ukingo mmoja wa korongo akakwambia kuku aliye ukingo wa pili ni jogoo au ni tetea, na ukivuka kwenda kuhakikisha, utarudi na aibu yako. Yule wa nyundo ni Mrindoko, fundi bati. Bati lililotupwa jalalani likifika mkononi mwake hugeuka kibatari, au bomba, au mlango wa banda.

Wa tatu alikaa kati yao kwenye benchi, kimya, mikono ameibana katikati ya magoti. Huyo ni Namsifu. Kipaji chake hakikumpendeza mtu, kwa sababu kilikuwa swali. Ukimwonyesha kitu kizima, kinachofanya kazi vizuri, yeye hukitazama kwa heshima, kisha huuliza: "Na hiki kikifa?" Harusini kwa binamu yake aliuliza, spika ikifa itakuwaje. Spika ikafa, na watu wakamnunia yeye badala ya mwenye spika. Kuanzia hapo wakamwita Bibi Ikifa.

Alikuwa ameacha shule Kidato cha Pili, miguu ya mama yake ilipokataa kumbeba. Mtu ilibidi ashike jembe la mama, na katika nyumba ile mtu alikuwa mmoja. Sweta lake la shule hakulitupa. Alilivaa akienda kuzibua mifereji, viwiko vikiwa vimetoboka, na alilifua kila Jumamosi kama mtu atakayeitwa darasani Jumatatu.

Sasa twende tulikoanzia.

Ighare iko juu katika milima ya Upare. Vitongoji vyake vimekaa kila kimoja kwenye mgongo wake wa mlima, na kati yao kuna makorongo. Juu kabisa ni Ndivani, penye ndiva, yaani lile bwawa la mawe na udongo walilojenga mababu ili kukusanya maji ya kumwagilia mashamba. Chini kabisa ni Bondeni, penye bustani za mahindi na shule ya msingi. Simu za mkononi hazishiki huko. Milima imekunjamana, na mawimbi ya mnara wa mjini hupita juu kama ndege wasio na haja na sisi.

Siku moja watu wa mradi walileta visanduku vya mawimbi. Kila kitongoji kilipata chake, na ukiwa karibu nacho simu yako inazungumza na simu iliyo karibu na kisanduku kingine. Kisanduku kikubwa kilihitaji mahali pa kukaa, na wazee hawakubishana hata kidogo. Kiwekwe Mwambani! Tangu zamani baragumu la kuwaita watu kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, hupigwa juu ya Mwamba. Baragumu likilia, kila mtu hugeuza uso kule. Basi na visanduku vyote vikageuzwa uso kule. Watu wa mradi wakapiga picha, wakala makande, wakaenda zao.

"Na Mwamba ukifa?" aliuliza Namsifu.

"Mwamba!" wazee walicheka. "Mwamba unakufaje, mwanangu?"

Masika ya kwanza radi ilipiga Mwamba. Jiwe halikufa, lakini kisanduku kiliungua, na Ighare nzima ikawa kiziwi. Na kama ilivyo kawaida ya balaa, halikuja peke yake: ukingo wa ndiva ulivuja, watu wa juu wakaona, wakapiga kelele hadi koo zikakauka. Mvua ilikula kelele zao. Kule chini maji yalizoa mbuzi, yakazoa ghala la mahindi, na mwenye ghala aliponea juu ya mparachichi.

Kwenye mkutano uliofuata Namsifu alisimama na sweta lake. "Naomba kuuliza. Ndiva yetu inaletewa maji na mifereji mingapi?"

"Miwili," akajibu mzee wa ndiva. "Hata mtoto anajua."

"Kwa nini miwili, babu? Mmoja hautoshi?"

"Unatosha sana. Lakini mmoja ukibomoka, wa pili..." Mzee akavua kofia yake, akajikuna kichwa, kisha akaangua kicheko kilichoanzia tumboni. "Jamani! Maji tumeyachimbia njia mbili, maneno tukayachimbia moja!"

Kazi ikaanza hapo.

Namsifu alichukua kijiti akachora kijiji chote ardhini, mbele ya duka. Kanuni yake ilikuwa fupi: kila kisanduku kiwe na majirani wawili wa kuzungumza nao, na hao wawili wasimtegemee jirani mmoja. Watu walidhani ni jambo dogo. Lakini kila walipomletea mchoro mzuri, yeye aliweka kidole juu ya nyumba moja, akaifuta, na kuuliza: "Na hii ikifa, neno litapita wapi?" Wakachora upya. Akafuta nyingine. Hata visanduku vilipokwisha kufungwa, alikuwa akienda kwenye nyumba za watu na kuzima kisanduku makusudi, kisha anatega sikio kama maneno yanazunguka upande wa pili. Wake za watu walimfukuza na mwiko. "Wewe binti, tunajenga, unabomoa!" Naye akajibu, "Nabomoa leo, shangazi, ili isibomoke kesho."

Lakini mchoro peke yake hauongei. Visanduku vilikuwa na nguvu ndogo, na mawimbi yake yalisambaa pande zote kama harufu ya kitunguu kinachokaangwa: jirani wa karibu anaipata, wa ng'ambo ya korongo hapati kitu. Hapo ndipo Mrindoko alipokusanya makarai mabovu ya akina mama wakaanga mihogo. Aligonga na kunyoosha, akang'arisha kwa mchanga, kisha akalielekeza kila karai juani na kupitisha kidole mbele yake polepole. Palipomuunguza, akapiga kelele "Hapa!" na hapo hapo akafunga kisanduku kwenye kipande cha chuma. Maana karai hukusanya mawimbi kama linavyokusanya jua, likayarusha upande mmoja, kama mwanga wa tochi. Upepo wa mlimani ulipoangusha makarai ya kwanza, hakulalamika. Alikata vitako vya makarai, akaweka waya wa banda la kuku wenye matundu madogo. Mawimbi hayaoni matundu hayo. Upepo unayaona na kupita.

Na tochi, ndugu zangu, ina ubaya wake. Ukiikosea kwa upana wa kidole hapa, kule ng'ambo umeikosea kwa upana wa shamba, na unazungumza na nyani. Kiangi alilala kifudifudi nyuma ya kila karai, kipande cha muwa mdomoni, jicho moja limefumbwa. "Kushoto. Kidogo. Umezidisha, rudi. Hapo! Usipumue." Makarai yakatazamana, karai na karai, kutoka mgongo hadi mgongo wa mlima, na Ighare ikaanza kusemezana.

Lakini walikuwa wamefanya kosa, na ni kosa la watu wa migombani. Walielekeza makarai wakati wa kiangazi, migomba ikiwa imekunja majani yake makavu kama mtu aliyekunja mwavuli. Mvua ziliponyesha migomba ikafungua miavuli, na majani mabichi yaliyolowa yakameza maneno. Mrindoko alitaka kukata migomba. Wenye migomba walitaka kumkata Mrindoko. Kiangi ndiye aliyetembea kila mstari kwa miguu, akitazama kila mti, akisema: "Huu utakua hadi hapa. Huu haupandi zaidi. Kati ya miringaringa ile miwili huwa nafunga mizinga. Pale matawi hayajawahi kukutana tangu babu yangu." Akayainua makarai mengine, akayapitisha mengine juu ya korongo, akayaelekeza kwa ajili ya mti utakavyokuwa, si mti ulivyo.

Basi masika yaliyofuata yakaja kama yenye deni la kulipiza.

Mchana mmoja Namsifu alikuwa zamu kwenye mlango wa maji wa ndiva. Mvua ilikuwa imepungua kidogo. Chini ya ukingo aliona maji yanachuruzika kati ya mawe, na hilo si ajabu, ndiva zote hutokwa jasho. Lakini maji haya hayakuwa meupe. Yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Udongo ulikuwa unatoka na maji. Ukingo ulikuwa unaliwa kutoka ndani.

Alikimbia. Viatu vilibaki kwenye matope. Alifika kwenye chumba chenye kisanduku cha Ndivani akiwa hana pumzi, akashika simu. "Bondeni! Ndiva inabomoka! Acheni kila kitu, pandeni juu! Pandeni!"

Kabla hajamaliza neno, radi ilipiga Mwamba na kukiunguza kisanduku kipya kilichowekwa kule.

Zamani hadithi ingeishia hapo. Lakini kisanduku cha Ndivani kilipomkosa Mwamba, kiligeukia jirani yake wa pili, kwa sababu msichana mmoja msumbufu alikataa katakata kiwe na mmoja.

Jirani huyo wa pili alikuwa kwenye mgongo wa mlima unaoitwa Kwampepo, na mchana ule upepo uling'oa mabati ya paa la zahanati ukayapeleka shambani kwa watu. Karai la Kwampepo lilitikisika, likapiga mluzi kupitia matundu ya waya wa kuku, na likabaki limesimama, kwa sababu fundi mmoja mbishi alilitoboa.

Kutoka Kwampepo neno lilitakiwa livuke korongo. Migomba huku ilikuwa imefura maji, na migomba kule vivyo hivyo. Neno likapita katikati ya miringaringa miwili, mahali pembamba kama tundu la mzinga, kwa sababu mrina asali mmoja mwenye majivuno aliuona mti kabla haujakua.

Spika ya ukutani pale shule ya Bondeni, iliyounganishwa na kisanduku chao, ikapasuka kwa sauti ya Namsifu: "Pandeni!"

Watoto walipanda. Walimu walipanda. Wapishi wa uji waliacha sufuria jikoni, wakapanda wakiwa na miko mikononi. Walikuwa hawajafika kwenye kaburi la mmisionari kule kilimani, ndiva ilipokohoa. Maji yalishuka yakiwa na mawe, yakaingia darasa la kwanza kwa mlango, yakatoka kwa madirisha yamebeba madawati.

Kule Ndivani Namsifu alikuwa amepiga magoti chini, simu sikioni. Alisikia ngurumo, kisha mvua, kisha hakusikia kitu. Halafu ikaja sauti ya mwalimu, mbali, nyembamba, ikiita majina ya watoto.

"Eliapenda!"

"Nipo!"

"Mchome!"

"Nipo!"

"Kiure!"

"Nipo, mwalimu!"

"Nambike!" Kimya. "Nambike!" Namsifu akaibana simu sikioni. "Wewe Nambike!"

"Nipo, mwalimu, nafunga kiatu!"

Majina yakaenda hadi la mwisho, na kila jina likaitikiwa. Mwalimu aliponyamaza, Namsifu alijisikia mwenyewe akisema, peke yake katika chumba kile, matope hadi magotini: "Nipo."

Jamani, siku ile Ighare ilishangilia! Baragumu lilipigwa Mwambani, na wale waliokuwa mbali wakaambiwa kwenye visanduku, "Sikieni, linapigwa!" Makande yalipikwa kwenye mapipa. Kiangi alibebwa begani akizungushwa kijiji kizima, akipunga mkono kama aliyeshinda uchaguzi. Mrindoko aliinua nyundo yake kila alipopita mbele ya nyumba yenye karai. Na wale shangazi waliomfukuza Namsifu kwa mwiko walimpakulia kwa mwiko ule ule, sahani ikiwa kama mlima. "Kula, Bibi Ikifa. Na makande yakiisha?" "Mtapika mengine, shangazi." "Amejibu! Leo kajibu mwenyewe!"

Sifa zilifika mjini. Ndipo alipokuja Mwalimu Tarimo, Mchaga mwenye miwani, kutoka chuo kimoja cha ufundi. Alitembea kila mstari, akazima visanduku kwa mkono wake mwenyewe, akatikisa kichwa kwa furaha. Kisha akasema alichokuja kusema: chuo kina nafasi moja, kitanda kimoja bwenini, masomo yote ya mawasiliano hadi mwisho, na wala hawatauliza cheti. Nafasi ni ya aliyeokoa Bondeni. Kijiji kimtaje. Gari linaondoka baada ya chai.

Na hapo ndipo ugomvi mliousikia ulipozaliwa.

"Nyie Wapare kwa kesi!" Mwalimu Tarimo alicheka, akijimiminia chai. "Mtauza ng'ombe ili mshinde kesi ya kuku."

"Na ninyi Wachaga mtamuuza huyo kuku kwa bei ya ng'ombe," akajibu Mama Nanzia. "Kunywa chai, mtani. Tunafikiri."

"Pigeni kura basi."

"Kura haijui kushukuru." Akamgeukia Namsifu. "Wenzako wamebweka asubuhi nzima. Wewe huna mdomo?"

Namsifu alisimama. "Ninaitaka, Mama Mwenyekiti. Sitasema uongo wa adabu kwamba siitaki. Mwalimu alipoita majina siku ile, niliitika, na jina langu halikuwamo. Nataka liwemo. Lakini sikupiga karai hata moja. Na ukinipa karai nilielekeze, nitasalimiana na nyani."

Uani watu walicheka. Kiangi hakucheka. "Mimi nimeishia darasa la saba," alisema polepole. "Kila mtu ananiambia macho yako, macho yako. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama ningependa kujua kwa nini mawimbi yanaogopa majani."

"Na mimi nilifeli hesabu," akasema Mrindoko, akiutazama mpini wa nyundo. "Nataka kuirudia. Kidole changu kinajua jua linapokutana. Nataka na kichwa kijue." Akainua uso, akamtazama msichana aliyesimama. "Lakini Bibi Ikifa, mbona leo hujauliza swali lako?"

"Swali lipi?"

"Lile lile."

Namsifu akatazama sakafuni. Aliuona mchoro wake wa ardhini, na kidole chake mwenyewe kikishuka juu yake. Sauti ilipotoka ilikuwa ndogo. "Na mmoja wetu akiondoka?"

Hata Mwalimu Tarimo aliweka kikombe mezani.

"Ndiyo," alisema Mama Nanzia. "Akienda Kiangi, miti itakua, na nani ataona? Akienda Mrindoko, upepo utakuja, na nani atagonga? Ukienda wewe, mwanangu, kila kitu kitafanya kazi vizuri hadi siku kitakapokufa. Anayestahili zaidi ndiye tusiyeweza kumkosa. Na yule tunayeweza kumkosa, tunampa zawadi ya nini?"

"Kumbe!" Kiangi aliruka. "Kwa hiyo mtu akiwafaa, mnamfunga kamba kama mbuzi?"

"Tutafundishana," akasema Namsifu haraka. "Anayekwenda awafundishe wawili kabla ya kwenda, na arudi. Tunajua jinsi ya kuchimba njia ya pili. Si ndiyo kazi yetu?"

"Macho hayafundishwi, Bibi Ikifa."

"Wewe ulifundishwa na babu yako. Acha uchoyo."

Mrindoko akacheka, kisha Kiangi naye akashindwa kujizuia, na wote watatu wakajikuta wanacheka kwenye benchi lile fupi, mabega yakigongana, kila mmoja akiitaka nafasi ile kwa moyo wote.

Mama Nanzia aliwatoa nje. Akabaki na mgeni, mlango umefungwa. Uani kijiji kizima kilikuwa kimekaa, na watoto wa Bondeni wamepangana juu ya ukuta kama njiwa. Namsifu alisimama kati ya wenzake. Alikuwa amelifua sweta lake, na bado lilikuwa na unyevu mabegani.

Mlango ukafunguka. Mama Nanzia akasimama kizingitini, akaegemea mwimo, akawapitisha macho wote, kuanzia wazee hadi wale wa ukutani.

"Mwalimu anamalizia kikombe, na gari halingoji. Nimepima na kupima, mizani imekataa kulala. Swali, mikono, macho: ondoa kimoja, na watoto hawa wasingeitika. Haya basi, ninyi mlioketi hapo tangu ugomvi ulipoanza, na wewe unayejificha nyuma ya mwenzako ukidhani sikuoni: ingekuwa ni wewe, ungemfungia nani mizigo?"